Unataka kupunguza mashavu ya chini? Soma hapa kwanza

Kama kuna mtoto anachungulia begani kwako, mwambie aende akacheze nje. Mwezi huu nazungumza na watu wazima tu: mlio ndani ya ndoa, mlio kwenye uchumba, na nyie mlioamua kukaa wenyewe kwa raha zenu. Mada ni ya chumbani, ila inaishia kwenye kitanda cha daktari. Ni upasuaji wa kupunguza mashavu madogo ya uke, ambao wataalamu wanauita labiaplasti.

Najua kuna anayeguna. "Hayo mambo ya Ulaya bwana, sisi yanatuhusu nini?" Haya, sikia. Kwetu ni Magole, wilaya ya Kilosa, kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, jirani kabisa na Dumila. Sio Masaki, sio Mikocheni. Nilikwenda kule kwenye kicheni pati ya binti mmoja wa ukoo, na kabla vitenge havijakunjwa, wanawake watatu walinivuta pembeni kwa nyakati tofauti. Wote walikuwa na swali moja: "Dada, wewe unaandika magazetini, unajuana na madaktari. Hivi hiyo operesheni ya kupunguza huku chini inafanywa wapi, na ni shilingi ngapi?"

Mmoja ni mwalimu. Mwingine anauza vitunguu kwa jumla pale Dumila. Wa tatu, usishangae, ni bibi harusi mwenyewe. Hakuna aliyejua kuwa wenzake wameuliza. Wote walikuwa wameona kwenye simu, na mmoja alikwisha kutajiwa bei na kliniki ya Dar. Ndiyo maana nimeamua tuliweke mezani.

TUYATAJE KWA MAJINA

Bila majina, hata mbele ya daktari utabaki unasema "huku chini", naye ataandika anachodhani yeye. Sehemu ya nje ya uke ina mashavu makubwa, yale yenye nywele. Ndani yake kuna mashavu madogo, laini, yasiyo na nywele. Juu yanapokutana ndipo kilipo kinembe na kile kijingozi kinachokifunika. Upasuaji tunaouzungumzia unahusu mashavu madogo.

Hayo sio nyama ya ziada iliyosahaulika hapo. Yanafunika mlango wa uke na tundu la mkojo, yanasaidia kutunza unyevu, yana mishipa mingi ya fahamu, na mwanamke anaposisimka yanajaa damu na kuvimba kidogo. Yaani ni sehemu ya raha yako. Anayekwambia ukiyaondoa hupotezi kitu, huyo anauza.

Sasa ukubwa. Mwaka 2005 madaktari wa London walichapisha vipimo vya wanawake 50. Upana wa shavu dogo, kutoka shina hadi ukingo, ulianzia milimita 7 ukafika milimita 50. Fanya hesabu mwenyewe: mmoja alikuwa na shavu mara saba ya mwenzake, na wote walikuwa wazima. Kuna yanayojificha ndani na yanayochungulia nje. La kulia kumzidi la kushoto ni jambo la kawaida sana. Rangi nayo inaanzia waridi inafika kahawia, zambarau, hata nyeusi ukingoni. Rangi hiyo hukolea wakati wa balehe na wakati wa ujauzito, na haina uhusiano wowote na uchafu. Ukifika umri wa kukoma hedhi, mashavu hayohayo huanza kusinyaa yenyewe.

Kuna utafiti mwingine wa London, wa mwaka 2011, ambao binafsi naona ungebandikwa mlangoni kwa kila kliniki ya urembo. Walipimwa wasichana na wanawake 33 waliokuja kuomba wapunguzwe. Ukubwa wa wote ulikuwa ndani ya vipimo vya kawaida. Wote!

Mwalimu wangu wa Magole angekuwa wa 34. Alisema linamtokeza na linamuwasha, hivyo akaamini urefu ndio unaoleta muwasho. Nikamsindikiza Morogoro mjini kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Kakutwa na fangasi. Akapewa dawa, akaambiwa aache sabuni ya marashi aliyokuwa anajisugulia kila asubuhi, na baada ya wiki mbili muwasho ukawa historia. Kuhusu urefu, daktari alimwambia hana hata cha kuandika kwenye faili. Tulipotoka nje mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta: "Dada, yaani nilitaka kukatwa kwa ajili ya fangasi!"

WEMBE TUNAUJUA TANGU ZAMANI

Alikuwa anacheka, lakini maneno yake yalinirudisha mbali. Ukiendelea na barabara hiyohiyo ukaingia mkoa wa Dodoma, na mbele yake Singida, kuna kitu wanakiita lawalawa. Ni muwasho na maambukizi ya sehemu za siri, hasa kwa watoto wa kike. Kwa miaka mingi kuna walioamini dawa yake ni kumkata mtoto. Ugonjwa ulikuwa wa kutibiwa kwa maji safi na dawa ya kawaida, mtoto akaenda kupoteza kiungo. Ndicho ninachokiogopa katika mtindo huu mpya: kukata mahali ambapo tatizo halipo.

Na sisi Magole tusijifanye wageni. Wakaguru walikuwa na jando lao na unyago wao. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Thomas Beidelman, alikaa na Wakaguru kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1997 akatoa kitabu kizima kuhusu mila hizo. Wembe umo, kwa wavulana na kwa wasichana. Bibi yangu mzaa mama hahitaji kitabu. Yeye alipovunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa, akaimbiwa, na akakatwa.

Jioni moja nilimweleza habari za hii operesheni. Alikuwa anapeta mchele. Nikajua atanifokea.

"Sasa hao wanatoa hela zao wenyewe?" akauliza.

"Ndiyo bibi, na sio kidogo."

"Ganzi wanapigwa?"

"Wanapigwa."

"Na mtu akifika pale akaona hataki, anaruhusiwa kurudi nyumbani?"

"Anaruhusiwa, bibi."

Akaendelea kupeta. Baadaye kidogo akasema, "Sisi hatukuulizwa, mjukuu wangu. Hao basi waulizwe vizuri."

Hilo la kuulizwa vizuri nalishikilia. Kwa idadi, ukeketaji umepungua: takwimu za taifa za mwaka 1996 zilionyesha asilimia 18 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, na zile za mwaka 2022 zikaonyesha asilimia 8. Mama zetu na wanaharakati wamehangaika kuutoa wembe mkononi mwa ngariba. Ingekuwa kichekesho kibaya wembe huohuo urudi kupitia simu, na safari hii tuulipie.

Ona pia urembo unavyogeuka mtu akivuka mpaka. Rwanda wana gukuna, na Buganda ssenga, yaani shangazi, huwafundisha mabinti kuyavuta mashavu madogo ili yarefuke, kwa sababu kwao marefu ndiyo sifa ya mwanamke. Kwa hiyo shavu linalokukosesha usingizi hapa Magole, lingekupatia sifa pale Masaka! Picha za simu nazo zinafundisha kinyume chake. Wengi wa wale wamenyolewa, wamechaguliwa, na picha zao zimesafishwa kwa kompyuta. Halafu ni lini uliwahi kumkagua jirani yako ukajua yeye yukoje? Wanaume wanaonana bafuni, sisi hatuonani kabisa, hivyo tunajilinganisha na picha.

NANI ANAFAA KUFANYIWA?

Tusidanganyane, wapo wenye sababu. Yule dada wa vitunguu ni mmoja wao. Anapanda baiskeli kila siku, na shavu lake la kushoto ni refu kiasi kwamba linabanwa na tandiko, linachubuka, linapona, linachubuka tena. Wakati wa tendo linavutwa kuingia ndani na kumuumiza. Amezaa watoto watatu na mmoja alimchana hapohapo. Daktari alimkagua akasema malalamiko yake yana msingi. Wengine ni waliozaliwa na maumbile tofauti, au walioachiwa makovu na uvimbe baada ya kukeketwa. Hao hawatafuti urembo, wanatafuta tiba.

Hata hivyo daktari hakumkimbiza chumba cha upasuaji. Kwanza alimpa miezi ya kujaribu mambo madogo: chupi za pamba zisizobana, kuacha suruali ngumu, kupaka mafuta mazito yasiyo na manukato kabla ya kupanda baiskeli, kubadilisha tandiko, na kupunguza kunyoa kwa wembe maana nywele nazo ni mto wa asili. Kwa wengine hayo tu yanatosha.

Wa kusubiri ni mjamzito, aliyejifungua miezi ya karibuni, mwenye maambukizi ambayo hayajatibiwa, na mwenye kisukari kisichodhibitiwa. Mvuta sigara anatakiwa aache kwanza, kwani sigara huchelewesha kidonda kupona. Halafu yupo yule ambaye hata akirekebishwa hapo atahamia pua, akitoka pua atahamia tumbo. Kujiona una kasoro ambayo wengine hawaioni kunaweza kuwa ugonjwa, na kisu hakiutibu. Daktari mzuri anayechunguza hilo ataongea nawe kuhusu maisha yako kabla ya kukwambia upande kitandani.

Chini ya miaka 18? Hapana. Mwili bado unakua. Chama cha madaktari wa uzazi cha Uingereza kilisema hivyo mwaka 2013, na kwetu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inamlinda mwenye umri chini ya miaka 18 dhidi ya ukeketaji, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15. Kenya wameenda mbali zaidi. Sheria yao ya mwaka 2011 haikubali hata utetezi kwamba mwanamke mzima aliridhia kukeketwa. Daktari mmoja, Tatu Kamau, alikwenda mahakamani kuipinga, na Machi 2021 Mahakama Kuu ikamkatalia. Upasuaji unaofanywa na daktari kwa ajili ya afya ya mwili au akili umeachwa nje ya katazo, kwa hiyo sababu inayoandikwa kwenye faili lako sio jambo dogo.

KISU KINAFANYA NINI HASA

Njia zinazotumika zaidi ni mbili. Ya kwanza ni kupunguza ukingo: daktari anakata sehemu inayozidi kwa urefu wake na kushona. Rangi nyeusi ya ukingo inaondoka, ila mstari wa mshono unakaa pale ukingoni. Ya pili ni kutoa kipande chenye umbo la pembetatu katikati na kuunganisha juu na chini. Ukingo wa asili unabaki, lakini mshono huo ukilemewa unaweza kuachia na kuacha tundu au pengo. Hutumika ganzi ya pale pale au dawa ya usingizi, na mara nyingi kazi huchukua kama saa moja au mbili. Nyuzi huyeyuka zenyewe.

Hatari zake zitajwe bila kupepesa macho: kutoka damu na damu kuganda ndani, maambukizi, mshono kuachia, pande mbili kutolingana, kovu linalouma, ganzi ya kudumu, ukavu, na maumivu wakati wa tendo. Kubwa kuliko yote ni kukatwa kupita kiasi. Kilichobaki kirefu kinaweza kupunguzwa tena. Kilichokatwa hakirudishwi.

Sasa niseme yale ambayo vipeperushi vya kliniki havisemi, maana vimeandikwa kwa mtu mwenye choo cha kukaa na gari la kumrudisha nyumbani. Wewe unarudi Magole. Siku za kwanza eneo linavimba na kukuuma, na kuchuchumaa kwenye choo cha shimo ukiwa na nyuzi ni adhabu. Ndoo ya maji kichwani, hapana. Jembe, hapana. Bodaboda kwenye njia ya vumbi, hapana kabisa. Panga kubaki mjini kwa ndugu angalau mpaka daktari akuone mara ya kwanza, uwe na maji safi ya kujimwagia kila ukitoka haja, ukaushe kwa kugusagusa bila kusugua, ulale chali ukiweza. Kazi ya mezani unaweza kuirudia ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Kazi ya shamba au sokoni, hesabu mwezi na ushee. Baiskeli na tendo la ndoa vinasubiri wiki 6 hivi, na daktari akukague kwanza. Uvimbe wote kuisha kunaweza kuchukua miezi kadhaa, hivyo usijitazame kwenye kioo siku ya tano ukaanza kulia.

Dada wa vitunguu amepiga hesabu hiyo yote. Anasubiri msimu uishe, mdogo wake ashike biashara, ndipo aende. Huyo naona ameulizwa vizuri, tena amejiuliza mwenyewe.

SIMU NILIYOPIGA

Ile kliniki ya Dar iliyomtajia mmoja wao bei, niliipigia na mimi. Jina lake nalihifadhi. Dada wa mapokezi alikuwa mchangamfu kweli. Alinitajia bei, akanitajia na ofa ya kubana uke kwa pamoja, akaniomba advansi kwa njia ya simu ili "anishikie nafasi". Hakuuliza umri wangu. Hakuuliza kama nina mimba, nina tatizo gani, wala kama nimewahi kukeketwa. Nilipouliza jina la daktari, akasema "wapo wengi". Mazungumzo yetu yalikwisha hapo.

Daktari anayekata hapo anapaswa kuwa bingwa wa magonjwa ya wanawake au wa upasuaji rekebishi, aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Una haki ya kumuuliza jina lake kamili na usajili wake, ameshafanya wangapi, atatumia njia ipi na kwa nini kwako wewe, atagusa kinembe au hatagusa, na ukitokwa damu saa nane usiku utampigia nani. Upasuaji wa urembo sasa sio mgeni nchini. Tangu mwaka 2023 Muhimbili tawi la Mloganzila wamekuwa wakifanya ule wa kupunguza mafuta na wa matiti, kwa hiyo wapasuaji wa kuulizia ushauri wapo. Bima kwa kawaida hailipii kinachofanywa kwa ajili ya muonekano, ila tatizo la kiafya lililoandikwa na daktari ni habari nyingine, hivyo uliza kabla.

Na zile dawa za kupaka za "kupunguza mashavu", majivu, shabu, sijui mizizi ya kuchemsha? Hakuna ya kupaka inayopunguza shavu. Inachoweza kufanya ni kukuunguza, na ngozi iliyochubuka hufungulia njia magonjwa, Ukimwi ukiwemo.

KAKA, NA WEWE SOGEA

Bibi harusi wetu hakuwa na maumivu yoyote. Alikuwa na sentensi moja kichwani. Mchumba wake wa zamani alimwambia, "Wewe umetumika sana, mbona inaning'inia." Basi. Miaka mitatu anatembea na sentensi hiyo, na sasa anaogopa usiku wa harusi.

Kaka unayesoma gazeti la mkeo, elewa hili: mashavu hayarefuki kwa sababu ya wanaume. Yanakua wakati wa balehe, kila mtu na yake, na bikira anaweza kuwa na marefu kuliko mama wa watoto sita. Uliyesema maneno kama hayo, hukusema habari za mwili wake, ulimtukana tu.

Nilimshauri aongee na mwenzake wa sasa kabla ya kuongea na daktari. Alitetemeka, lakini akafanya. Jamaa, fundi seremala mpole, alimuuliza kwa mshangao, "Kwani yapo mengine ya namna gani?" Hakuwahi hata kuwaza. Wameoana Januari, na hela ya operesheni imenunua mashine ya kuranda mbao.

UKISHAFANYIWA

Kwa utakayeamua kwenda, na ni uamuzi wako, weka karatasi za hospitali na namba ya daktari mahali ambapo mwenzako anapajua. Kuvimba, michubuko ya rangi ya zambarau na majimaji yenye damu kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Pedi kulowa damu chapachapa ndani ya saa moja, upande mmoja kuvimba ghafla na kuwa mgumu kama yai, homa, usaha wenye harufu, au kushindwa kukojoa, hayo sio ya kungoja kukuche wala kumpigia simu rafiki akuulizie. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, mwambie wazi mhudumu umefanyiwa nini na lini, na uombe rufaa ya kwenda hospitali usiku huohuo.